Kisu cha Kukunja Hufia Kiungoni

*Anayetafuta kisu cha bei nafuu, cha kuvulia na cha kutembea nacho, na autazame msumari kabla ya makali*

Na Mwandishi Wetu

Mshipi wa nailoni umezunguka kifundo cha mkono wa mvuvi, kolekole aliyenasa ndoanani anateremka kuelekea mwambani kwa nguvu zake zote, ngalawa imelala upande, na mkono wa pili, ulio huru, umekwisha kufika mfukoni na kukitoa kisu. Kisu hicho kilinunuliwa mwezi uliopita kwa mchuuzi wa kando ya barabara, nacho siku ile kilifunguka kwa kidole kimoja. Sasa hakifunguki. Chumvi imeingia msumarini, kutu imelishikanisha bapa na kamani yake, na mtu mwenye mkono mmoja tu wa kufanyia kazi hana hila iliyobaki ila kukiuma kisu kwa meno na kukivuta.

Mvuvi wa mshipi katika pwani yetu hastaajabii hali hii. La kustaajabisha ni kuwa mtu yuleyule, siku aliposimama mbele ya meza ya mchuuzi, aliuliza bei, akayajaribu makali juu ya ukucha, akavihesabu vikorokoro vilivyopachikwa ubavuni, mkasi, kizibuo na tupa ya kucha, kisha akalipa na kwenda zake bila ya kukitupia jicho kile kiungo ambacho kisu kizima hukitegemea.

Swali tulilopewa na mhariri ni dogo kwa sura: mtu wa kipato cha kadiri, aendaye kuvua mwisho wa juma, na ambaye siku zilizosalia huhitaji kisu cha kukatia kamba, kufungulia katoni na kumenyea chungwa, anunue kisu gani pasipo kujitia hasarani? Ndani ya udogo wake, hata hivyo, swali hili limebeba mabishano ya siku nyingi: baina ya kisu kinachokunjwa na kisichokunjwa, baina ya chuma kinachoshika kutu na kisichoshika, na baina ya mnunuzi atakaye zana moja ya kila kazi na yule atakaye zana moja iliyo hodari kwa kazi yake.

Kazi inayotakwa

Kabla ya kukipima kisu, yafaa kuipima kazi. Kisu cha mvuvi wa mshipi hukata chambo, aghalabu ngisi au kibua. Hukata mshipi na kamba. Hupasua mashavu ya samaki angali hai ili damu imtoke, maana nyama ya samaki aliyetolewa damu hukaa vyema kuliko ya yule aliyeachwa afe polepole juani. Na humpasua changu tumbo ili matumbo yatoke kabla hayajaiharibu minofu.

Katika kazi hizo hapana hata moja inayodai bapa refu. Sentimita saba hadi tisa zatosha, na bapa jembamba lashinda lililo nene, kwa kuwa nene huitanua nyama badala ya kuikata. Ama ncha, iwe kali lakini isiwe nyembamba mno, maana kisu cha chomboni hakikosi kutumiwa kung'olea ndoana, na ncha nyembamba ikipekuliwa mfupani huvunjika.

Mtazame mtu anayemshughulikia tasi, samaki ambaye miba ya mapezi yake ina sumu. Hamshiki kwa kiganja. Humlaza juu ya ubao, akambana kichwa kwa kitambaa kizito, kisha akaipitisha ncha ya kisu chini ya miba kwa kuanzia upande wa mkia kwenda kichwani, akaikata yote, ya mgongoni na ya tumboni, ndipo amgeuze kumpara. Mkono wake wakati huo umejaa utelezi, na mpini uliosuguliwa ukawa laini kwa ajili ya urembo huteleza mbele, vidole vikayafuata makali.

Kukata minofu ya jodari au nguru mkubwa ni mlango mwingine kabisa. Waparaji wa soko la Feri, Dar es Salaam, wanaolipwa kuwapara na kuwakata samaki wa wateja, hawaifanyi kazi hiyo kwa kisu cha mfukoni, wala mnunuzi asidanganywe kuwa kipo cha kukunja, cha bei ndogo, kitakachoyaweza yote mawili.

> Bapa la sentimita saba hadi tisa latosha. Linalozidi hapo ni uzito wa mfukoni tu.

Visu vya watu wa kazi

Kisu cha kukunja cha bei nafuu si jambo la jana. Mwaka 1890, katika milima ya Savoie nchini Ufaransa, Joseph Opinel, aliyezaliwa katika nyumba ya wafua vyuma, alianza kutengeneza kisu cha wakulima: bapa moja, mpini wa mti, msumari mmoja. Mwaka 1897 alivipanga visu vyake kwa ukubwa, kuanzia namba 1 hadi namba 12, na namba 8, yenye bapa la sentimita 8.5, ndiyo iliyoenea kuliko zote. Mwaka 1955 shingo ya kisu hicho ikatiwa pete ya chuma, ambayo mtu huizungusha ili bapa lisimwangukie vidoleni, na tangu hapo umbo lake halikubadilika sana. Huuzwa Ulaya hadi leo kwa takriban euro 10 hadi 20.

Uswisi ilikwenda njia nyingine. Karl Elsener alifungua karakana yake Ibach mwaka 1884, na kutokana na visu alivyowapelekea askari wa nchi yake kikazaliwa kile kisu chekundu chenye zana nyingi, ambacho miongoni mwa aina zake ipo yenye kijino cha kuparia magamba na cha kutolea ndoana. Kwa mtu wa mjini hiki ni kisu cha kupendeza. Kwa mtu wa baharini, kila zana iliyoongezwa ni ufa mwingine wa kuingilia chumvi.

Afrika nayo ina kisu chake, ingawa hakikuzaliwa Afrika. Mwaka 1902, katika mji wa Solingen, Ujerumani, kilianza kutengenezwa kisu kilichopewa jina la okapi, mnyama wa misitu ya Kongo, ili kiuzwe katika makoloni ya Wajerumani barani humu. Na mwaka 1988 utengenezaji wake ukahamia Afrika Kusini. Mpini wake ni wa mti uliopambwa kwa nyota na miezi, bapa lake ni la chuma cha kaboni, na komeo lake lina meno, hata ukikifungua hulia kwa vituo mpaka kifike mwisho, na hakikunjwi ila kwa kuivuta pete iliyo mgongoni. Kusini mwa Afrika jina lake limechafuliwa na wahuni waliokigeuza silaha, lakini kosa la mkono halikitii kisu aibu.

Wala kwetu mafundi hawakukosekana. Wahunzi wa Gerezani, Dar es Salaam, na wa Kamukunji, Nairobi, ni watu wa kukigeuza chuma chakavu kikawa zana, na katika vyuma chakavu hakuna kinachomfaa mfua visu kuliko springi ya gari, ambayo ina kaboni ya kutosha kuyashika makali. Kisu kitokacho mikononi mwao aghalabu hakikunjwi, na bei yake hupatanwa palepale fundi akiwa ameshika nyundo.

Hoja za pande mbili

Wanaokitetea kisu cha kukunja husema, nao hawakukosea, kuwa kisu bora ni kile ulicho nacho pindi kinapohitajika. Na kisu kisichokunjwa, kwa kuwa chahitaji ala na mshipi wa kiunoni, huachwa nyumbani au chini ya mtumbwi siku ileile kitakapotakwa. Kilichokunjwa huyaficha makali yake, hakitoboi mfuko, hakimtishi abiria wa pembeni katika daladala, na huingia kazini, sokoni na shambani bila ya kuvuta macho ya watu.

Wapinzani wao hujibu kwa hoja moja, nayo ni nzito: kisichokunjwa hakina kiungo. Huchomolewa kwa mkono mmoja, hata mkono wenyewe ukiwa na ganzi ya mshipi. Huoshwa kwa kuchovywa mara moja. Hakiwezi kumkunjikia mtu vidoleni. Wala hakina mfereji wa kufugia uchafu. Na kwa bei pia hakishindwi, maana visu vya Morakniv vya Uswidi, kiwanda chenye asili ya mwaka 1891, vyenye mpini wa plastiki na ala ya plastiki, vimo katika bei ileile ya kisu cha Savoie, ilhali cha mhunzi wetu huweza kuwa chini ya hapo.

Ili kuiona insafu ya mabishano haya yatupasa kukikaribia kiungo chenyewe. Mpini wa kisu cha kukunja una mfereji wa kulilaza bapa, na ndani ya mfereji huo hujikusanya magamba, damu iliyoganda na chembe za mchanga. Maji ya bahari hupenya baina ya bapa na ubavu wa mpini, mahali pasipofikwa na kitambaa wala upepo. Maji yakikauka chumvi hubaki, na chumvi, kwa tabia yake, huuvuta unyevu wa hewa usiku unapoingia, basi palipokauka mchana hulowa upya bila ya kuguswa na mtu.

Fauka ya hayo, katika visu vya bei ya chini mtengenezaji aghalabu hutumia chuma kizuri mahali panapoonekana, yaani bapani, na chuma duni mahali pasipoonekana, yaani katika msumari, kamani na vibati vya ndani, akavipaka rangi ya kung'aa inayochubuka upesi. Vyuma viwili vya asili mbali vikigusana ndani ya maji ya chumvi, kilicho dhaifu huliwa haraka kuliko ambavyo kingeliwa peke yake. Hapo ndipo kisu cha kukunja kinapofia.

> Bapa laweza kung'aa ilhali msumari umekwisha kuliwa.

Chuma kipi?

Mwaka 1913, mjini Sheffield, Uingereza, Harry Brearley alitengeneza chuma kilichochanganywa na kromiamu, nacho kikawa msingi wa visu visivyoshika kutu vya nchi hiyo. Siri yake ni kuwa kromiamu, ikifika takriban asilimia 10.5 na kuendelea, huungana na hewa na kujifanyia utando mwembamba usioonekana, ambao ukikwaruzwa hujiziba wenyewe. Lakini chumvi ya bahari ina uwezo wa kuutoboa utando huo, ikafanya vitundu vidogo vyeusi. Kwa hiyo ahadi ya kutoshika kutu, kwa mtu wa pwani, ni ahadi yenye masharti.

Chuma cha kaboni hakitoi ahadi hiyo asilani. Kiache usiku mmoja na maji ya bahari, asubuhi utakikuta kimevaa wekundu. Kikatie ndimu, kitageuka rangi palepale. Fadhila yake ni kwamba hunoleka upesi, hata kwa jiwe la kawaida, na hupata makali ambayo visu vingi visivyoshika kutu vya bei ileile haviyafikii. Kwa mkulima na mtu wa bara ni chuma cha kupendwa. Kwa mvuvi ni chuma cha kutumikiwa kila jioni.

Katika visu vya bei nafuu visivyoshika kutu, mnunuzi huweza kukutana na alama zilizochorwa bapani. Chuma cha 420 kina kromiamu ya asilimia 13 hivi na kaboni kidogo, basi ni laini, hufifia makali upesi, lakini huistahamili chumvi. Kile cha 440C kina kromiamu ya asilimia 17 hivi na kaboni karibu asilimia moja, hushika makali kwa muda mrefu zaidi lakini humtaka mnoaji subira. Na 8Cr13MoV, chuma cha Kichina kilichoenea sana katika visu vya leo, kimekaa baina ya hivyo viwili. Vipo pia vyuma vilivyotiwa naitrojeni mahali pa sehemu kubwa ya kaboni, ambavyo bahari karibu haiviwezi, lakini bei yake inavitoa nje ya mazungumzo yetu.

Wapenda visu hukidharau chuma laini. Rai hiyo yafaa karakanani, wala haifai chomboni, kwa sababu makali yaliyofifia hurudishwa kwa dakika chache za kinoo, ilhali kitundu kilicholiwa na chumvi hakirudishwi na fundi yeyote. Baina ya madhara mawili, mwenye akili huchagua lile lenye dawa.

Mbele ya meza ya mchuuzi

Kisu kikiwa mkononi, kifungue, ulishike bapa kwa kitambaa karibu na ncha, kisha ulisukume kushoto na kulia. Likitikisika kikiwa kipya, bahari italimaliza kabla ya mwaka. Kikunje, ukitazame kwa juu: bapa likae katikati ya mfereji, lisiegemee ubavu. Kiinue kwenye mwanga, na kama waweza kuona upande wa pili kwa kupitia mgongoni mwa mpini, hicho ni kisu kitakachokubali kuoshwa. Kama mgongo umezibwa, uchafu utakaoingia hautatoka.

Utazame msumari. Ukiwa ni wa skrubu, kisu chaweza kufunguliwa chote, kikasafishwa na kurudishwa. Ukiwa umefuliwa ukabanwa, kama walivyozoea mafundi wa zamani, utakuwa imara, lakini siku ya kutu hautakupa nafasi ya pili.

Komeo lijaribiwe kwa kugonga mgongo wa bapa juu ya ubao, polepole, vidole vikiwa mbali na njia ya makali. Lisilostahimili pigo la mezani halitastahimili kichwa cha chewa. Ama mpini, plastiki ngumu yenye mikwaruzo ya kushikia hushinda mti, kwa kuwa mti usiotiwa mafuta hunywa maji, ukavimba, ukalibana bapa lisitoke. Ni kasoro ambayo hata kisu mashuhuri cha Savoie hakikuepukana nayo. Na pawe na kitundu cha kupitishia kamba, maana kisu kilichoanguka majini hakina mpiga mbizi wa kukifuata.

Wachuuzi wengine huleta sumaku, wakadai kuwa kisu kinachovutwa nayo si cha chuma kisichoshika kutu. Hoja hiyo haisimami: chuma cha visu visivyoshika kutu, maadamu kimetiwa ugumu wa kushika makali, nacho huvutwa na sumaku. Na ukikuta jina kubwa la Ulaya kwa bei ya kutupwa, ujue kuwa jina hilo limeazimwa.

Baada ya kurudi pwani

Matunzo ya kisu cha kukunja ni ya dakika chache. Kitumbukize katika maji baridi yasiyo na chumvi kikiwa wazi, ukifungue na kukikunja mara kadhaa chini ya maji ili kiungo kikohoe kilichomeza. Kisha kikung'ute, ukiache wazi penye upepo mpaka kikauke, ndipo utie tone la mafuta ya cherehani msumarini. Kwa kisu cha kumenyea matunda, mafuta ya nazi hutosha.

Kinoo kitiwe maji, bapa liinuliwe kiasi cha digrii 20, likokotwe kuanzia shina hadi ncha, upande huu kisha ule, mpaka kidole kihisi unyuzi mwembamba wa chuma ukingoni. Unyuzi huo huondolewa kwa kusugua kidogo juu ya ngozi ya mkanda. Bapa lenye meno hukata kamba vizuri, hasa ile ya kusokotwa, lakini kinoo cha kawaida hakiyafikii meno yake, na mvuvi asiye na zana ya kulinolea afadhali alikwepe.

Kunoa ni adabu pia, nayo haikuanza na wavuvi. Dini imemwamuru mchinjaji akinoe kisu chake ili mnyama asiteswe, na ingawa samaki hachinjwi, mwenye kisu butu hukisukuma kwa nguvu, na nguvu iliyozidi huishia katika kiganja cha mwenyewe. Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Wangeliongeza kuwa mwenye kisu butu ndiye mwenye bendeji.

Kisu na sheria

Kutembea na kisu kuna mipaka yake. Ndege za abiria aghalabu hazikiruhusu katika mizigo ya mkononi, na wengi wamepoteza visu vyao vya thamani kwenye meza ya ukaguzi kwa kusahau kuvitia katika begi la chini. Kwa Waswahili waishio Uingereza, sheria ya mwaka 1988 humruhusu mtu kuchukua hadharani, bila ya kutoa sababu, kisu cha kukunja chenye makali yasiyozidi inchi tatu, na mahakama zikafasiri kuwa chenye komeo hakimo katika ruhusa hiyo. Mtu akibeba kisu cha komeo, kile ambacho baharini ndicho salama zaidi, huko atatakiwa awe na sababu ya kuridhisha, kama vile kwenda kuvua.

Hapa kwetu, busara ni kuwa kisu kifuatane na kazi. Kikikutwa pamoja na mshipi, ndoana na kikapu, hujieleza chenyewe. Kikikutwa mfukoni mwa mtu penye kiwanja cha mpira au mahakamani, ni yeye atakayetakiwa kueleza.

Rai yetu

Anayeweza kununua kisu kimoja tu, na achukue cha kukunja chenye bapa moja la chuma kisichoshika kutu, hata kikiwa laini, komeo sahili, mpini wa plastiki ulio wazi mgongoni, na msumari wa skrubu. Mkasi, kizibuo na taa ndogo awaachie wasiokwenda baharini. Akikuta viwili vya bei moja, kimoja kikisifiwa kwa makali na kimoja kikiwa na kiungo kisichotikisika, achukue cha pili, maana makali atayatia mwenyewe.

Lakini mwenye fedha ya kisu kimoja cha fahari atafaulu zaidi akiigawa: cha mhunzi au cha Uswidi, kisichokunjwa, kikae chomboni ndani ya ala yenye tundu la kutokea maji, kidogo cha kukunja kikae mfukoni kwa kazi za nchi kavu, mbali na chumvi, na chenji itakayobaki akanunulie kinoo.